Mpira Sikioni: Historia ya Kabureta Mbili na Mafundi Tusiowataja

Kila tukipiga stori za magari ya zamani, majina ni yale yale: dereva aliyeshinda, kampuni iliyotengeneza, tajiri anayemiliki. Leo nataka tuwaongelee wale ambao majina yao hayaandikwi popote. Nawasema mafundi waliokuwa wanainama chini ya boneti na kipande cha mpira sikioni, wakisikiliza kabureta mbili mpaka zipumue kama moja.

Kwa wasiojua, kabureta ni kile kidude kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Gari za siku hizi zinatumia kompyuta na nozeli kufanya kazi hiyo, lakini bodaboda nyingi unazopanda bado zinayo kabureta.

Sasa twende Uingereza. Kulikuwa na familia ya akina Skinner, watu wa biashara ya viatu London. Mmoja wao, George Herbert Skinner, akili yake ilikuwa kwenye injini kuliko viatu. Mwaka 1905 alikuwa tayari amebuni kabureta ya aina yake, na mwaka 1910 yeye na ndugu yake wakaanzisha kampuni. Wakaiita SU, yaani Skinners Union. Cha kuchekesha, kabureta zao za mwanzo zilikuwa na kifuko cha ngozi ndani, kinachotanuka na kusinyaa kama mvukuto wa mhunzi. Mtoto wa muuza viatu hakwenda mbali! Baadaye ngozi ikaondolewa, ikawekwa pistoni ya chuma. Mwaka 1926 kampuni ikanunuliwa na William Morris, mwenye magari ya Morris.

Uzuri wa SU ni kwamba ilijiendesha yenyewe. Ile pistoni inapanda na kushuka kufuatana na hewa injini inayovuta, na chini yake imebeba sindano iliyochongoka. Pistoni ikipanda, sindano nayo inapanda, tundu la petroli linaachia zaidi. Ikishuka, linabana. Basi.

Sasa kwa nini mbili? Injini ya silinda nne ikilishwa na kabureta moja, hewa yote inagombania mlango mmoja. Ukiweka mbili, kila moja inalisha silinda mbili, njia inakuwa fupi na injini inapumua vizuri. Mini ilipotoka mwaka 1959 ilikuwa na kabureta moja, injini ya cc 848 na nguvu farasi 34. Mwaka 1961 ikaja Mini Cooper yenye SU mbili, cc 997, nguvu farasi 55. Sio kabureta peke yake zilizoleta tofauti hiyo, maana injini yenyewe iliongezwa, lakini mchango wao ulikuwepo. Kigari kile kidogo kikaenda kushinda Monte Carlo Rally mwaka 1964, 1965 na 1967. Madereva tunawajua. Waliokaa na bisibisi usiku kucha, nani anawajua?

Na kazi haikuishia kwenye magari. Vita ya Pili ya Dunia, ndege za Kiingereza kama Spitfire zilitumia injini ya Merlin yenye kabureta ya SU. Tatizo lilikuwa hili: rubani akiinamisha pua ya ndege ghafla, petroli inarushwa juu, injini inakata. Wajerumani walikuwa na injini za kupuliza mafuta, wao wanazama tu na kutoroka. Aliyetuliza hali ni mwanamke, mhandisi Beatrice Shilling, ambaye pia alikuwa anakimbiza pikipiki kwenye mashindano. Alibuni kidude kidogo cha chuma chenye tundu la kubana petroli, na mwaka 1941 yeye na timu yake wakazunguka viwanja vya ndege kukifunga. Jina lake angalau tunalo. Timu je?

Turudi nyumbani. Wajapani nao walichukua muundo wa SU, Hitachi wakawa wanazitengeneza, na Datsun 1600 SSS ya dukani ikaja na mbili. Wazee wetu wanaikumbuka gari hiyo kwa sababu mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally ya Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata akashinda tena, safari hii na Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta naye akashinda na 240Z.

Mjomba wangu anayo hiyo SSS. Mwaka jana ilianza kutetemeka kama ina homa, moshi mweusi, petroli inakunywa kama maji. Gereji ya kwanza walizungusha kila skrubu waliyoiona, wakashindwa, wakamwambia, "Toa hizo mbili, funga moja ya gari nyingine." Mjomba alikuwa ameshakubali. Bahati jirani akatuelekeza kwa mzee mmoja, jina amenikataza nisiliandike.

Nikamwamkia, shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akajibu, hata kabureta hakuigusa. Alianza na plagi, poenti na nafasi za valvu. Akasema kabureta inasingiziwa makosa ya wengine. Baada ya hapo akaacha gari ipate moto, akatoa vichujio vya hewa na kulegeza kiungo kinachofunga kabureta mbili pamoja, ili kila moja isimame peke yake.

Hapo ndipo mpira ulipotoka. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Anasikiliza huku, anahamia kule, sehemu ile ile. Inayolia zaidi inavuta hewa nyingi, yaani nusu ya injini inafanya kazi na nusu inaburuzwa. Alizungusha skrubu kidogo kidogo mpaka milio ikalingana.

Kisha mchanganyiko. Unainua pistoni ya kabureta moja kidogo sana, chini ya milimita moja. Injini ikikimbia na kubaki juu, petroli ni nyingi. Ikitaka kuzima, petroli ni chache. Ikipanda kidogo halafu ikatulia, hapo hapo. Nati ya kurekebisha iko chini: ukiipandisha unapunguza petroli, ukiishusha unaongeza. Ukishagusa hapo mlio nao unabadilika, kwa hiyo unarudi kwenye mpira upya. Mwisho unakaza kiungo na kuhakikisha ukikanyaga mafuta zote mbili zinafunguka kwa pamoja.

Katikati ya kazi akasimama, akanipa mpira. "Sikiliza wewe. Sikio langu hili limeanza kuzima." Aisee, mwanzoni nilisikia kelele tu. Akanirudisha mara tatu, nne. Ya tano nikaisikia tofauti: ya mbele ilikuwa inalia nyembamba kuliko ya nyuma. Nikamwambia. Akazungusha skrubu, akaniangalia, nikatikisa kichwa kwamba bado. Akazungusha tena. Zikalingana, na gari ikatulia kimya.

Nikamuuliza nani anamfundisha kazi hii. Akasema vijana walikuwa wanakuja, siku hizi wanataka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Hakulalamika, aliniambia tu, kisha akakunja mpira wake akauweka mfukoni.

Jumamosi hii narudi kwake. Siendi kwa sababu nataka kuwa fundi, ila nimeona aibu kwamba sikio moja likizima, mtaa mzima unabaki na ushauri wa "toa mbili, funga moja".

Wadau, mtaani kwenu yupo mzee wa aina hii? Jina msiandike kama hataki, ila tupia stori yake hapo chini. Tuwasiliane.