Theluji Inapofuta Mistari: Somo kutoka Barabara za Sweden

Uungwana ni vitendo, walinena wahenga. Hawakutuambia, hata hivyo, vitendo hivyo huzaliwa wapi: moyoni mwa mtu, au katika sheria na mazingira anamoishi. Historia ya barabara za Sweden inatupa jibu.

Katika majira ya baridi theluji hufunika lami, na mistari inayogawa barabara haionekani tena. Kila dereva hubaki nayo kichwani tu, akiamini kwamba anayekuja mbele yake anaikumbuka vilevile. Juu ya barafu gari halisimami upesi. Pupa ya mmoja humponza asiye na hatia.

Hadi mwaka 1967 Wasweden waliendesha upande wa kushoto, ilhali majirani zao wa Norway na Finland waliendesha kulia. Tena magari yao mengi yalikuwa na usukani kushoto, hivyo dereva aliyetaka kulipita gari la mbele hakuona vizuri kinachokuja. Hata hivyo, katika kura ya maoni ya 1955, takriban asilimia 83 walikataa mabadiliko. Bunge liliamua vinginevyo mwaka 1963. Baada ya miaka minne ya maandalizi na elimu kwa umma, saa 11 alfajiri ya Septemba 3, 1967, nchi nzima ikahamia kulia.

Ajali zilipungua. Kila mmoja alijihadhari, akaenda taratibu, akampisha mwenzake. Lakini ugeni ulipokwisha, ndani ya miaka miwili hivi ajali zikarejea katika kiwango cha zamani. Wasweden walikuwa walewale. Tahadhari ndiyo iliyoondoka.

Serikali ingeweza kuishia kuwalaumu madereva. Mwaka 1997 bunge lilichagua njia nyingine: lilipitisha sera inayolenga kutokuwepo kwa vifo na majeraha makubwa barabarani, na kuwafanya wanaosanifu na kusimamia barabara wawe wabia wa dhamana hiyo. Tangu 1999 tairi za majira ya baridi ni lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31, barabara zikiwa na theluji au barafu. Barabara pana ambamo watu walipitana kwa ubabe zilianza kugawanywa njia tatu: upande mmoja hupata njia mbili kwa kilomita chache, kisha upande wa pili hupewa zamu yake. Katikati umewekwa uzio wa nyaya za chuma. Theluji hufuta mstari, uzio haiufuti. Vifo katika barabara hizo vilipungua sana.

Wewe mwanafunzi, mwanaharakati au mtumishi wa umma, kumbuka jambo hili kila kiongozi anaposimama kuwahubiria raia ustaarabu. Mahubiri hayana gharama. Muulize amejenga nini ili ustaarabu huo udumu hata baada ya watu kuacha kuogopa.