Nani alituambia misuli ni nyama?

Haya wadau, leo tuongelee misuli. Ukiingia jimu yoyote mjini utalikuta fundisho hili: kama huli nyama, sahau kifua. Kijana anabana matumizi yote ili apate nyama na mayai kila siku, halafu maharage anayaonea haya. Hivi fundisho hili lilitoka wapi?

Mzizi wake mmoja mkubwa uko Ujerumani. Mwaka 1842 mkemia Justus von Liebig alichapisha kitabu akidai kuwa misuli ikifanya kazi huteketeza protini yake yenyewe. Kwa hesabu hiyo, mtu wa kazi ngumu lazima ajazie nyama. Mwaka 1865 ikaanzishwa London kampuni yenye jina lake, ikiuza rojo ya nyama iliyotengenezwa Uruguay. Unaona biashara ilivyoingia?

Mwaka huo huo wanasayansi wawili, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, wakapanda mlima Faulhorn kule Uswisi, karibu mita 2,000 kwenda juu. Tangu mchana wa siku iliyotangulia hawakula protini, walikula wanga, mafuta na sukari tu. Wakakusanya mkojo wao na kupima naitrojeni, ambayo huonyesha protini iliyotumika mwilini. Ilikuwa kidogo mno kuweza kuwafikisha kileleni! Kumbe kuni za misuli ni wanga na mafuta. Protini ni tofali la kujengea.

Sasa je, tofali la mmea ni sawa na la mnyama? Mwaka 1914 Wamarekani Thomas Osborne na Lafayette Mendel waliwalisha panya wachanga zeini, yaani protini ya mahindi. Panya hawakukua. Walipoongezewa asidi amino mbili, laisini na triptofani, wakakua. Kwa hiyo wapenda nyama wana hoja: mahindi peke yake hayatoshi. Lakini maharage yana laisini ya kutosha. Bibi zetu waliopika makande hawakusoma kemia, ila chungu chao kilikuwa na jibu.

Mwaka 2021 watafiti wa Brazil walichapisha jaribio la vijana 38, nusu wasiokula kabisa vitu vya wanyama. Walifanya mazoezi ya miguu wiki 12, kila mmoja akipata protini gramu 1.6 kwa kilo ya uzito wake. Misuli na nguvu ziliongezeka sawa kwa pande zote mbili.

Ila tusidanganyane. Wale wa mimea waliongezewa unga wa protini ya soya. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina protini gramu 26 hivi, maharage yaliyochemshwa ni 9 hivi. Kijiko kimoja pembeni ya wali hakijengi kitu. Jaza sahani, ongeza karanga, na yai ukiweza. Mwenye hela ya nyama ale kwa raha zake. Asiye nayo asiache mazoezi kwa sababu ya dai la mwaka 1842.

Mnasemaje wadau?