Pilipili ya Samaki

Karne ya 19, wapishi weusi wa Baltimore na miji mingine ya ghuba ya Chesapeake, Marekani, walikuwa na pilipili yao ya kutilia mchuzi wa chaza, kaa na samaki. Wakaiita pilipili ya samaki. Jani lake lina mabaka meupe, kana kwamba limerushiwa chokaa. Tunda huanza na rangi ya maziwa na michirizi ya kijani, likageuka rangi ya chungwa, mwisho jekundu. Wapishi walilichuma lingali jeupe, kwa sababu mchuzi wao ulikuwa wa maziwa: ukali uingie, rangi isiharibike. Anayepika pweza wa nazi haambiwi zaidi.

Mbegu hizo zilipita mkono kwa mkono, jirani akimgawia jirani, na waliozijua hawakuziandika popote. Kufikia katikati ya karne ya 20 zilikuwa karibu kupotea.

Zilisalimika kwa ajili ya bega bovu. Mchoraji Horace Pippin, mzaliwa wa West Chester, Pennsylvania, alipigwa risasi ya bega la kulia huko Ufaransa mwaka 1918, akiwa katika kikosi cha 369 cha askari weusi. Tangu hapo alichora huku mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia. Maumivu yalipozidi alikwenda kwa H. Ralph Weaver, mfugaji nyuki, ili aumwe na nyuki. Tiba ya watu wenye moyo! Badala ya fedha alipeleka mbegu, na katika miaka ya 1940 pilipili ya samaki ikawa miongoni mwazo.

Pippin alifariki 1946, Weaver 1956. Miaka ilipita ndipo mjukuu wa Weaver, William Woys Weaver, akazikuta mbegu ndani ya kichupa, chini kabisa ya friza. Zingekuwa kabatini zingekwisha kufa. Mwaka 1995 akazigawa kupitia Seed Savers Exchange, chama cha wanaobadilishana mbegu za asili.

Kuitunza pilipili hii si kazi ya mzembe. Mche ukiota wa kijani kitupu hung'olewa. Ua hujichavusha lenyewe, ila nyuki akitokea kwenye pilipili ya jirani huchanganya mbegu, kwa hiyo mche wa mbegu hufunikwa chandarua. Na matunda yake hayaguswi yakiwa meupe. Huachwa hadi yawe mekundu.