Taharuki ya Jambo Linalojulikana

Tamthilia za mwanzo za Kiswahili, kama Nakupenda Lakini ya Henry Kuria iliyoandikwa miaka ya 1950, zilimshika mtazamaji kwa swali moja: itakuwaje? Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alichapisha Kinjeketile, na swali hilo likakosa kazi. Tamthilia hiyo inahusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, vya 1905 hadi 1907, na mwisho wake unajulikana. Pazia halijafunguliwa, hadhira tayari inajua kwamba maji ya dawa waliyoyategemea wapiganaji hayakuzuia risasi.

Taharuki inazaliwa hapo hapo. Wapiganaji wakiishangilia dawa, ukumbi unawaona kama watu waliokwisha kufa. Wahakiki huita hali hiyo kinaya cha kidrama. Hussein hakutosheka nayo; shaka aliitia ndani ya Kinjeketile mwenyewe. Mganga huyo anavutwa mtoni na pepo Hongo, kisha anaibuka mkavu. Yaliyotokea chini ya maji hayaonyeshwi kabisa. Jukwaani wapo watu wanaobishana na kungoja, na hofu inaingia kwa masikio. Akiwa amepagawa, Kinjeketile anatabiri kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Akili inapomrudia, maneno hayo yanamtisha kuliko yeyote: Mjerumani aondoke ili aje Sultani? Tangu hapo aliyewasha moto ndiye anayehangaika kuuzuia, na hasikilizwi tena.

Ufundi mkubwa zaidi umo katika kuivunja tarehe. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Wa Hussein anaishi hadi kuona kushindwa, kisha anatakiwa gerezani atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa hana hakika nayo tena: akikana dawa, atakuwa amekana na sababu ya kupigana.

Katika Mashetani, tamthilia yake ya 1971, hakuna vita. Kuna marafiki wawili, Juma na Kitaru, wa koo zilizopanda na kushuka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, wanaoigiza mchezo ndani ya mchezo: Shetani na Binadamu chini ya mbuyu. Maigizo yanakoma, lakini uadui walioucheza haukomi, na mtazamaji hana tena pa kuchora mpaka kati ya igizo na urafiki wao.