Fomu ya vijisanduku vinne

Nilikuwa nyumbani Kathonzweni, na badala ya kupumzika nimerudi na kazi. Dadangu alinionyesha karatasi aliyopewa kliniki: maswali 18 kwa Kiingereza, kila moja na vijisanduku vinne, kuanzia 0 (hapana kabisa) hadi 3 (sana). Ni ya kupima dalili za ADHD, yaani utukutu na kutotulia kupita kiasi, za mpwa wangu wa miaka minane. "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta. Niwekee hii kwenye simu."

Kabla ya kuandika programu yoyote hupenda kujua kitu kilitengenezwa kwa kazi gani. Basi nikasoma.

Mwaka 1937 Charles Bradley, daktari wa Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto Benzedrine, akaona wengi wanatulia na kufanya vizuri darasani. Aliona kwa macho tu. Miaka ya 1960, huko Johns Hopkins, Baltimore, mwanasaikolojia Keith Conners na daktari Leon Eisenberg wakawa wanajaribu dawa kama Ritalin, wakakwama palepale: daktari humwona mtoto muda mfupi, na muda huo hata mtukutu hukaa kimya akitazama ukuta. Anayemjua ni mama na mwalimu. Conners akayageuza malalamiko yao kuwa maswali na kuyawekea ngazi nne. Fomu ya walimu ilitoka 1969 na maswali 39. Ile ndefu ya wazazi ilikuwa na 93! Mwaka 1978 zikapunguzwa hadi 28 na 48. Aliyewahi kubuni fomu ndefu ya kujisajili kwenye tovuti anajua sababu.

Dalili 18 za karatasi ya dadangu ni zile za mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 1994. Jina lenyewe ADHD lilikuja 1987.

Kwa hiyo fomu hizi zilizaliwa kujibu swali la dawa: je, mtoto amebadilika? Hazikuzaliwa kumbandika mtoto jina. Shuleni wameshamwita dadangu mara tatu muhula huu, na jina wanalo tayari.

Sasa hitilafu zake. Moja ni tafsiri. Swali linauliza kama mtoto hupanda mahali pasipofaa. Kathonzweni, msimu wa maembe, anayepanda mti ndiye anayesaidia! Kilifi, watafiti wa KEMRI hawakuishia kutafsiri hojaji ya wazazi ya Thomas Achenbach kwa Kiswahili. Waliipima upya kwa watoto wa huko, na matokeo yakachapishwa 2016. Nami nilikuwa nimeshaanza kutafsiri yangu usiku mmoja kwa haraka. Nikaacha. Tumebaki na Kiingereza, na daktari akamweleza dadangu kila swali.

Nyingine ni mjazaji. Susu yake alimpa mtoto sifuri karibu kila mahali, mwalimu akampa tatu. Nilidhani mmoja anadanganya. Kumbe mwaka 1987 Achenbach na wenzake walikusanya tafiti nyingi wakakuta uwiano kati ya watu wanaomwona mtoto mahali tofauti ni 0.28 tu. Kila mmoja anamjua mtoto mwingine. Kuchukua wastani wao ni kufuta habari, kwa hiyo kwenye simu kila mjazaji ana jedwali lake.

Ya tatu ndiyo iliyonishtua. Watafiti walishagundua kwamba alama hushuka mara ya pili fomu inapojazwa, hata kama mtoto hajapewa chochote. Ndiyo maana inashauriwa kujaza mara mbili kabla ya dawa. Kliniki ilimwambia dadangu ajaze mara moja. Na shemeji ameshasema: dawa isipoonyesha kitu kwa mwezi mmoja, halipi tena.

Programu yenyewe ni ndogo sana. Inafunguka Jumapili jioni, na haimwonyeshi mjazaji alichojibu wiki iliyopita. Jumapili ya kwanza dadangu alijaza, jumla ikawa 41 kati ya 54. Ya pili, 36. Shemeji aliziona namba akafurahi, akasema dawa inafanya kazi.

Dawa inaanza Jumatatu ijayo.