Bunduki Ilipogeuka Mpira

Mwaka 2002 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao The Pinball of the Dead, uliochezwa kwenye Game Boy Advance, kifaa cha kushika mkononi cha Nintendo. Hata wapenzi wa siku nyingi wa Sega huutaja kwa nadra. Ukiutazama kijuujuu utadhani ni jina kubwa lililobandikwa kwenye kaseti ndogo ili liuze. Ukiufuatilia ulikotoka, unakutana na njia mbili ndefu za kampuni hiyo zikikutana mahali pamoja.

Njia ya kwanza ni The House of the Dead. Mchezo huo uliingia kwenye kumbi za michezo ya mashine mwaka 1997, kazi ya idara ya Sega iliyojulikana kama AM1. Mchezaji alisimama mbele ya skrini na bunduki ya plastiki mkononi, akiwapiga risasi mazombi waliofurika katika jumba la mwanasayansi Curien. Mwisho wa kila hatua lilitokea jitu lenye jina la karata ya Tarot, nalo lilikuwa na sehemu moja dhaifu mwilini. Asiyeijua sehemu hiyo alimaliza risasi na sarafu bure. Sehemu ya pili ya mfululizo ilifuata mwaka 1998, na mwaka 1999 Sega ikafanya jambo la kushangaza: katika The Typing of the Dead iliondoa bunduki na kuweka kibodi. Zombi aliuawa kwa kuchapa maneno yaliyotokea mbele yake, haraka na bila kosa.

Njia ya pili husahaulika zaidi. Sega iliwahi kuunda mashine halisi za pinboli, zile za mpira wa chuma unaoteremka juu ya meza ya mteremko na kurudishwa juu kwa vibao viwili. Ilizitengeneza Japani katika miaka ya 1970. Mwaka 1994 ilinunua kiwanda cha pinboli cha Data East karibu na Chicago, na mwaka uliofuata kiwanda hicho kikatoa meza ya Frankenstein. Kwa hiyo kitisho na pinboli vilikwisha kukaa nyumba moja. Kiwanda kiliuzwa mwaka 1999.

Januari 2001 Sega ilitangaza kuacha kutengeneza Dreamcast, mashine yake ya mwisho ya nyumbani, na ikaanza kutengenezea michezo mashine za washindani wake. Kifaa cha Nintendo hakikuwa na bunduki. Kazi ya kuuhamishia The House of the Dead humo ikaangukia WOW Entertainment, kampuni iliyotokana na AM1 yenyewe, yaani warithi wa waliobuni jumba la Curien. Marekani mchezo ulisambazwa na THQ.

Hapo ndipo ubunifu wao unapostahili kuangaliwa kwa makini. Kaseti ina meza tatu, na juu yake mazombi wanatembea. Mpira ukiwagonga, wanaanguka. Majitu ya Tarot yapo pia, yakisubiri kupigwa. Pinboli inafaa kazi hii kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu nayo ni mchezo wa shabaha. Tofauti ni kwamba risasi hutoka pale unapoamuru, ilhali mpira hukulazimisha kungoja ushuke hadi kwenye kibao, ukiwaona maadui wakizidi kujongea. Ukikosea kidogo, mpira unapita katikati ya vibao na kupotea. Hofu ya kumaliza risasi imekuwa hofu ya kupoteza mpira, na kwa maoni ya makala haya badiliko hilo ni la kistadi kuliko lile la kibodi.

Kifaa chenyewe kilikuwa na vikwazo. Meza ya pinboli ni ndefu, na skrini ya Game Boy Advance ni pana kuliko ilivyo ndefu: nukta 240 kwa 160. Tena skrini ya toleo la kwanza haikuwa na taa, kasoro iliyoumiza michezo ya giza. Castlevania: Circle of the Moon ya 2001 ililalamikiwa sana kwa hilo. Toleo lenye taa, SP, lilikuja mwaka 2003.

Mwaka huohuo Sega ilitoa Sonic Pinball Party kwa kifaa kilekile, naye Sonic, mhusika wa Sega, ana jina linalojulikana hata na wasiocheza. Mwaka 2022 The House of the Dead ya kwanza ilitengenezwa upya kwa mashine za kisasa, mazombi wakirudi kupigwa risasi kama zamani. Toleo hilo halikuwa na meza hata moja ya pinboli.