Bawabu wa Chuma Mwilini

Chuma kilichomo mwilini mwa mtu mzima hakizidi uzito wa msumari mmoja, yaani gramu 3 au 4 hivi. Sehemu kubwa imo katika chembe nyekundu za damu, na ndiyo ishikayo oksijeni. Kikipungua, mtu hupauka na kuishiwa na nguvu; kikizidi, huharibu ini, moyo na kongosho. Basi yapasa kiwe na mpimaji. Habari za jinsi wataalamu walivyomvumbua mpimaji huyo ni za miaka michache, lakini zina funzo lililogusa hata pwani yetu.

Wazee wetu waliuita ugonjwa wa kupungukiwa damu, hasa ule uletwao na minyoo, kwa jina la safura, neno lenye mnasaba na la Kiarabu lenye maana ya unjano. Jina hilo lataja rangi ya mgonjwa. Juu ya chuma halisemi kitu. Tofauti hiyo, baina ya dalili ionekanayo na sababu iliyofichika, ndiyo kiini cha habari hizi.

Zamani wengi walidhani kwamba chuma kikizidi, mwili hukitoa kwa njia ya matumbo. Rai hiyo ilipinduliwa huko London katika mwaka 1937 na R. A. McCance na Elsie Widdowson. Waliwachunguza wagonjwa wenye damu nyingi kupita kiasi, waliokuwa wakipewa dawa ya kuvunja chembe nyekundu. Chuma kingi kiliachiliwa mwilini, lakini hakikuonekana kutoka katika choo wala mkojo. Wakakata shauri kwamba kipimo cha chuma huwekwa pale kinapoingia, wala si pale kinapotoka. Mwaka huo huo Vilém Laufberger wa Chekoslovakia alipata fuwele za feritini kutoka katika wengu la farasi. Na mwaka 1947 Holmberg na Laurell wa Sweden waliipa jina transferini. Hivyo ghala lilijulikana, na mchukuzi akajulikana. Bawabu alikuwa bado.

Naye bawabu ana kazi ya hadhari. Kila siku mtu hupoteza miligramu 1 au 2 tu za chuma, na chakula hurudisha kadiri hiyo. Lakini damu mpya huhitaji miligramu 20 au zaidi kwa siku, nazo hupatikana kwa kuvunjwa chembe kuukuu, ambazo umri wake ni siku 120 hivi.

Katika miaka ya 2000 na 2001 wataalamu wa Ujerumani na wa Marekani walipata katika damu na mkojo protini ndogo yenye asidi za amino 25. Walidhani ni silaha ya kuua bakteria, ikaitwa hepsidini, jina linalounganisha ini na kuua. Mwaka 2001, huko Paris, Sophie Vaulont na wenzake waliona kwamba panya walioikosa walijaa chuma katika ini na kongosho. Mlango nao, feropotini, ambao chuma hupitia kutoka ndani ya chembe kwenda katika damu, ulikuwa umekwisha kutambuliwa mwaka 2000. Ndipo mwaka 2004 Elizabeta Nemeth, Tomas Ganz na wenzao walipoonyesha kwamba hepsidini huushika mlango huo, ukavutwa ndani ya chembe na kuharibiwa. Hivyo chuma hubaki ndani. Ini huitoa homoni hiyo kwa wingi chuma kinapozidi, na hali kadhalika maradhi ya vijidudu yanapoingia, kwani vijidudu navyo vyahitaji chuma ili viongezeke.

Kabla ya kazi hiyo ya mwaka 2004 kutangazwa, Pemba ilikwisha kupata funzo lake. Huko watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waliingizwa katika jaribio kubwa. Baadhi yao walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki, bila kupimwa kwanza kama wamepungukiwa. Mwezi wa Agosti 2003 sehemu hiyo ilisimamishwa. Taarifa ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba hatari ya kufa au kulazwa hospitali iliongezeka kwa asilimia 12. Lakini katika kundi dogo lililopimwa, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika.

Jaribio hilo halikukusudiwa kumchunguza bawabu, lakini matokeo yake yaafikiana na tabia yake. Palipo na malaria, mtoto aweza kupauka ilhali chuma kimo mwilini, kimefungiwa. Katika mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba palipo na malaria chuma kitolewe pamoja na hatua za kuikinga, kuitambua na kuitibu. Weupe wa kiganja watuonyesha safura. Hautuambii kama ghala ni tupu au mlango umefungwa.